Naibu Spika aliyebebwa na polisi Bungeni

Umeshawahi kumwona mbunge akimpigia rais kelele Bungeni mchana, halafu jioni yuko kwenye runinga anacheka? Unaona kawaida tu. Basi hebu nikupe stori ya Jean-Marie Seroney.

Jamaa alikuwa wakili kutoka Nandi. Alipitia Alliance na Makerere, kisha akasomea sheria India. Simpambi. Mwaka 1969 alitoa Azimio la Nandi Hills, akidai mashamba ya walowezi yawe ya Wanandi, na majirani waliotoka kwingine waliingiwa na hofu. Alishtakiwa kwa uchochezi na kutozwa faini. Lakini shika hapo: alishtakiwa. Alisimama mbele ya hakimu, akajua kosa lake na bei yake.

Miaka sita baadaye hata hiyo hakupata.

Mapema 1975 wabunge walimchagua Naibu Spika ingawa serikali ya Mzee Kenyatta haikumtaka. Machi, mbunge mwenzao J.M. Kariuki akauawa, na kamati ya Bunge iliyochunguza mauaji hayo ikaipa serikali tumbojoto. Oktoba, Martin Shikuku akasimama Bungeni akadai kuna watu wanataka kuliua Bunge jinsi KANU ilivyouawa. Upande wa serikali ukaruka juu, alete ushahidi! Aliyekuwa kitini ni Seroney. Akaamua kwamba jambo lililo wazi halihitaji ushahidi. Waliokasirika wakatoka nje.

Sasa elewa kitu kimoja. Uamuzi wa kitini ukikukera, unaleta hoja humohumo ndani, na ukiwa na kura za kutosha unamng'oa aliyekalia. Serikali haikujisumbua na hizo kura. Tarehe 15 Oktoba polisi waliwafuata hadi majengo ya Bunge, wakawabeba wote wawili. Hakuna shtaka wala kesi. Mzee alikuwa tayari na sheria ya usalama wa umma iliyomruhusu kumfungia mtu bila kumpeleka kortini, na hakimu hakuwa na nafasi ya kuuliza kama kweli alistahili kufungiwa.

Na unajua nani aliifungulia njia sheria hiyo? Bunge lenyewe, lilipobadilisha Katiba mwaka 1966. Hapo ndipo huniuma zaidi. Waliipa serikali rungu wakidhani litawaangukia wengine, halafu likaja kugonga mlango wao. Ungekuwa mbunge wiki hiyo, ungesimama kuuliza swali? Mimi sina hakika ningethubutu.

Seroney alikaa kizuizini zaidi ya miaka mitatu. Aliachiliwa Desemba 1978, Moi alipowafungulia waliozuiliwa. Aliaga dunia Desemba 1982. Miezi michache kabla ya hapo, mwezi Juni, Bunge lilikuwa limebadilisha Katiba tena, safari hii KANU ikawa chama pekee kinachoruhusiwa nchini.