Raman na Rangi ya Bahari

Msafiri atokaye Pemba kwenda Tanga huona maji yakigeuka. Karibu na pwani ni ya kijani, bali katikati ya mkondo, penye kina cha mamia ya meta, ni buluu iliyoiva. Zamani wataalamu walifundisha ya kuwa buluu hiyo ni ya mbingu, nayo bahari ni kioo tu. Aliyelikataa neno hilo ni Chandrasekhara Venkata Raman, aliyezaliwa Tiruchirappalli, kusini mwa Bara Hindi, tarehe 7 Novemba 1888.

Mwaka 1907 Raman aliingia kazi ya hesabu za Serikali mjini Calcutta. Mchana alihesabu fedha. Asubuhi na jioni alichunguza sauti na nuru katika nyumba ya chama kimoja cha elimu. Akaenda hivyo miaka mingi. Mwaka 1917 akaacha cheo chake, akawa mwalimu wa chuo kikuu kwa mshahara mdogo zaidi. Wengi wasingethubutu.

Mwaka 1921, akirudi melini kutoka Uingereza, aliitazama bahari kwa kipande cha jiwe angavu kizuiacho mng'ao wa mbingu juu ya maji. Mng'ao ukatoweka, buluu ikabaki. Basi akafahamu ya kuwa maji yenyewe huitawanya nuru. (Tena maji hunywa wekundu wa nuru, nayo ni sababu kubwa ya rangi hiyo.)

Alipofika kwao akataka kujua nuru hufanya nini ndani ya viowevu. Katika punje ya chumvi atomi zimepangwa safu safu, kama minazi ya shamba; katika maji hazina safu, bali husukumana kama watu bandarini. Mtu ataijuaje mienendo ya vitu visivyotulia wala kuonekana? Raman na mwanafunzi wake K. S. Krishnan wakapitisha nuru ya rangi moja katika viowevu safi, wakaichungua iliyotoka ubavuni. Tarehe 28 Februari 1928, kwa taa ya zebaki, wakaona wazi ya kuwa sehemu ndogo mno ya nuru imegeuka rangi. Mpira ukiipiga ngalawa, ngalawa ikatikisika, mpira hurudi umepungua nguvu. Ndivyo nuru ilivyoziachia molekuli baadhi ya nguvu zake, na kadiri ya upungufu huonyesha mtikisiko wa atomi. Viowevu kama 60 vilijaribiwa, vyote vikatoa jibu hilo.

Huko Moscow, Landsberg na Mandelstam waliliona jambo lilo hilo katika mawe angavu mwaka ule ule. Lakini Tuzo ya Nobel ya mwaka 1930 alipewa Raman peke yake. Alikufa Bangalore tarehe 21 Novemba 1970. Kwa njia yake mafuta ya karafuu yaweza kupimwa leo pasipo kuifungua chupa.