Hadhrat Zaid bin Haritha r.a., Mwana Aliyerudishiwa Jina la Baba Yake

Katika masahaba wote wa Mtume Mtukufu s.a.w. ni mmoja tu ambaye jina lake limetajwa waziwazi ndani ya Kurani Tukufu. Naye ni Hadhrat Zaid r.a., mtu aliyepata kuuzwa sokoni. Tena ametajwa katika Sura Al-Ahzab, sura ile ile iliyomwondolea jina la baba alilokuwa akiitwa kwa miaka mingi. Kwa kuwa watu huuliza mara kwa mara juu ya urithi wa mtoto aliyelelewa katika nyumba isiyo ya wazazi wake, yafaa tuyatazame maisha ya sahaba huyu.

Baba yake alikuwa Haritha bin Sharahil wa kabila la Banu Kalb. Zaid alipokuwa mtoto, mama yake alimchukua kwenda kuwazuru jamaa zake wa kabila la Tayy, wakavamiwa na wanyang'anyi, mtoto akatekwa na kuuzwa katika soko la Ukaz, si mbali na Makka. Hakim bin Hizam alimnunua kwa ajili ya shangazi yake, Bibi Khadija r.a.; wanahistoria wametaja dirhamu 400. Bibi huyo alipoolewa na Mtume s.a.w., alimpa mumewe kijana huyo awe zawadi.

Haritha hakukoma kumtafuta mwanawe. Baada ya miaka kadhaa, watu wa Banu Kalb waliokuja kuhiji walimtambua kijana, wakapeleka habari kwao. Haritha na ndugu yake Kaab wakafunga safari pamoja na mali ya kumkombolea. Mtume s.a.w., ambaye wakati huo alikuwa hajapewa utume, hakutaka fidia. Alisema kijana aulizwe mwenyewe, na akiwachagua jamaa zake waende naye bure. Zaid akamchagua yule aliyekuwa akimlea. Baba na ami walistaajabu kuona mtu anaupendelea utumwa kuliko uhuru na watu wake. Ndipo Mtume s.a.w. akamchukua Zaid mpaka penye Kaaba, akawashuhudisha watu kwamba tangu siku hiyo ni mwanawe, atamrithi na yeye atarithiwa naye. Haritha akaridhika, akarudi kwao. Kijana akaitwa Zaid bin Muhammad.

Sasa tufikiri kidogo juu ya Haritha. Kwa desturi ya Waarabu mtoto wa kupanga alihesabiwa sawasawa na wa kuzaliwa: alichukua nasaba ya mlezi, akamrithi, na nasaba yake ya asili ikafunikwa. Mzee yule aliondoka Makka kwa furaha, lakini jina lake lilikuwa limeondoka juu ya mwanawe. Na kwa upande wa pili, jamaa wa damu wa mlezi yeyote waliweza kukuta fungu lao limechukuliwa kwa tamko la mdomo tu.

Karibu na mwaka wa 5 Hijria sheria ikashuka. Sura Al-Ahzab iliamuru watoto wa kupanga waitwe kwa majina ya baba zao, na wale ambao baba zao hawajulikani wahesabiwe kuwa ndugu katika dini na marafiki. Sura hiyo hiyo iliwapa jamaa wa damu haki ya kutangulizwa wao kwa wao, hata mbele ya Muhajirina na Ansari waliofungiwa undugu kule Madina, ila ikaacha mlango wazi wa kuwatendea marafiki wema. Zaid akawa tena bin Haritha. Si jambo jepesi mtu kuliacha jina kama lile alilokuwa nalo.

Wako wasemao kwamba kwa hukumu hii Islam imemfukuza yatima mlangoni. Hawakuisoma vizuri. Mtoto hata akilelewa ng'ambo, fungu lake kwa baba na mama waliomzaa halipungui hata chembe, wala ndugu zake hawawezi kumwambia kwamba amekwisha pata mahali pengine. Kwa mlezi hana fungu. Lakini kwa kuwa si mrithi, mlezi anaweza kumwandikia wasia, hadi thuluthi ya mali yake, kiasi ambacho Mtume s.a.w. alimwekea Hadhrat Saad bin Abi Waqqas r.a. kuwa mpaka. Tena anaweza kumpa zawadi angali hai. Katika kufundisha nimeona wanafunzi hushika upesi kwamba mtoto huyu hamrithi mlezi, wakasahau kwamba kwao alikozaliwa hakupoteza kitu. Kosa hilo darasani ni la kusahihishwa kwa kalamu. Katika kugawa mirathi humnyima mtu shamba.

Habari ya ndoa ya Bibi Zainab r.a., aliyepewa talaka na Zaid kisha akaolewa na Mtume s.a.w., imeelezwa mara nyingi na sitairudia. Yatosha kusema kwamba kwayo desturi ile ya kale ilivunjwa kwa vitendo.

Je, mapenzi yalipungua? Mwaka wa 7 Hijria binti mdogo wa Hadhrat Hamza r.a., shahidi wa Uhud, aligombewa na watu watatu waliotaka kumlea: Hadhrat Ali, Hadhrat Jaafar na Hadhrat Zaid r.a., ambaye alikuwa amefungiwa undugu na Hamza. Mtoto alipewa Jaafar, kwani mkewe alikuwa dada wa mama wa mtoto. Lakini Mtume s.a.w. alimliwaza kila mmoja, na Zaid akamwita ndugu yetu na rafiki yetu, majina yale yale mawili ya Sura Al-Ahzab. Tena yasimuliwa kwamba Jabala, nduguye wa kuzaliwa, alikuja kuomba arudi naye kwao. Mtume s.a.w. hakumzuia, Zaid mwenyewe hakutaka kwenda.

Mwaka wa 8 Hijria (629) alifanywa jemadari wa kwanza wa jeshi lililokwenda Muta, naye akauawa bendera i mkononi mwake. Mwaka 632 Mtume s.a.w., karibu na kufariki kwake, alimweka juu ya jeshi lingine Usama, kijana ambaye Zaid alimzaa na Ummu Aiman r.a., bibi wa Kihabeshi. Wengine walinung'unika kwa ujana wake. Wakakumbushwa kwamba hata juu ya baba yake walinung'unika, naye alistahili. Vitabu vya historia vimemwandika Usama bin Zaid bin Haritha, mpaka kwa babu yake wa Banu Kalb.