Comenius, Mwalimu Aliyewapa Watoto Kitabu cha Picha

Tarehe 28 Machi mwaka 1592 alizaliwa mtoto mwanamume katika nchi ya Moravia, ambayo leo ni sehemu ya Jamhuri ya Cheki. Jina lake lilikuwa Jan Komenský. Lakini wenye elimu wa zamani zile walikuwa na desturi ya kuyageuza majina yao yawe ya Kilatini, kwa hiyo ulimwengu humjua kwa jina la Comenius. Wazazi wake walikuwa wa Kanisa la Ndugu, kanisa dogo lililopenda Maandiko na kujitahidi sana kuwafundisha watoto wake kusoma. Ndugu hao ndio mababu wa Wamoravian, waliofika Rungwe mwaka 1891 na kuanza kazi katika nchi ya Wanyakyusa.

Jan hakupata utoto wa raha. Kabla hajatimiza miaka kumi na mitatu baba yake alikufa, na mama yake pia, akachukuliwa na shangazi yake aliyekaa katika mji wa Strážnice. Huko akatiwa shuleni. Lakini mwaka 1605 adui wakaja, mji ukachomwa moto, na masomo yake yakakatika. Ikapita miaka kadha wa kadha bila mtu kuyafikiri masomo yake. Hata alipokuwa kijana wa miaka 16, ndipo alipopelekwa katika shule ya Kilatini mjini Přerov, akaketi pamoja na wavulana waliokuwa wadogo kuliko yeye.

Yafaa kueleza jinsi shule za wakati ule zilivyokuwa. Elimu yote ya Ulaya iliandikwa kwa Kilatini, na asiyejua Kilatini hakuweza kuendelea mbele. Mtoto alipoingia shuleni alipewa kanuni za lugha hiyo azikariri, na kanuni zenyewe zilikuwa zimeandikwa kwa Kilatini, lugha asiyoijua bado. Hali yake ilikuwa kama ya mtu ambaye ufunguo wa sanduku lake umefungiwa ndani ya sanduku lile lile. Mwalimu alisoma, watoto wakafuatisha kwa sauti, na aliyesahau alichapwa. Hakuonyeshwa kitu chochote kwa macho, wala kukishika kwa mikono. Wengine walikaa hivyo miaka mingi, wakatoka wakiwa wamejifunza jambo moja tu, nalo ni kuchukia vitabu.

Watoto wadogo waliyavumilia mambo hayo kwa kuwa hawakujua mengine. Lakini Jan alikuwa ameanza kupata akili za mtu mzima, akayatazama yote na kuyapima. Akaona ya kuwa wenzake si wapumbavu, bali njia wanayofundishwa ndiyo mbaya. Fikira hiyo haikumtoka tena mpaka kufa kwake.

Baada ya Přerov alikwenda kusoma katika Ujerumani, kwanza Herborn, kisha Heidelberg. Huko Heidelberg, mwaka 1614, alinunua kitabu kilichoandikwa kwa mkono na Copernicus mwenyewe, yule mwenye elimu ya nyota aliyeonyesha ya kuwa dunia huzunguka jua. Inasimuliwa kwamba fedha zake zikamwishia, akarudi kwao kwa miguu, mwendo wa siku nyingi. Alipofika akawekwa kuwa mwalimu katika shule ile ile ya Přerov alikoteswa na Kilatini, na jambo la kwanza alilofanya ni kuwatungia wanafunzi wake kitabu chepesi cha lugha hiyo. Mwaka 1616 alibarikiwa kuwa mchungaji, na mwaka 1618 akapewa kanisa na shule ya mji wa Fulnek. Alikuwa ameoa, akapata watoto, na kazi yake ilimpendeza.

Mwaka ule ule wa 1618 vita vikubwa vikaanza, ambavyo vilidumu miaka 30. Mfalme alitaka watu wote wa nchi zake wawe wa dini moja, yaani dini yake, na Kanisa la Ndugu likapigwa marufuku. Mwaka 1621 askari wakauteka Fulnek. Comenius akakimbia kujificha, akimwacha mkewe na mtoto wao mdogo, na mwingine akiwa bado hajazaliwa. Mwaka 1622, katika tauni iliyofuata vita, mkewe akafa, na watoto wote wawili wakafa. Mwaka uliofuata vitabu vyake vilikusanywa na kuchomwa moto hadharani katika uwanja wa mji. Basi katika muda wa miaka miwili alipoteza nyumba, kanisa, shule, vitabu, mke na watoto. Alikuwa na umri wa miaka 31.

Akaishi miaka michache kwa kujificha katika nchi yake, akihifadhiwa na watu wakubwa waliompenda. Akaoa tena. Mwezi wa Februari mwaka 1628, katika baridi kali, akavuka milima pamoja na jamaa yake na Ndugu wengine, wakaingia nchi ya Polandi na kukaa katika mji wa Leszno. Tangu siku ile mpaka mwisho wa maisha yake alikuwa mkimbizi, wala hakurudi kukaa katika nchi yake tena.

Huko Leszno alipewa kazi ya kufundisha. Alitumaini kwamba vita vitakwisha upesi, na kwamba Ndugu watarudi kwao na kuzikuta shule zote zimeharibika. Kwa hiyo akaanza kuandika jinsi shule mpya zitakavyofanywa. Maneno aliyoyaandika katika kitabu chake kikubwa cha mafundisho yaliwashangaza watu. Alitaka watoto wote waende shule, wa tajiri na wa maskini, wa mjini na wa shambani, wavulana na wasichana pia. Alitaka mtoto afundishwe kwanza kwa lugha ya mama yake, na lugha za kigeni zifuate. Alifundisha kwamba kitu kitangulie na neno lifuate: mtoto alione ua, alinuse, alishike, ndipo aambiwe jina lake. Na kazi ijifunzwe kwa kuifanya, kuandika kwa kuandika, kuimba kwa kuimba, kama fundi seremala anavyompa mwanafunzi wake randa mkononi badala ya kumhutubia juu ya randa.

Hata saa za masomo alizipima. Aliona kwamba saa nne za darasani kwa siku zinatosha, mbili kabla ya adhuhuri na mbili baadaye, na kwamba mwanafunzi aachiwe saa nyingine za kusoma peke yake. Na fimbo je? Hakuiondoa kabisa, lakini alikataza mtoto asichapwe kwa ajili ya kushindwa somo. Mtoto akishindwa, mwalimu na aichunguze kwanza njia yake ya kufundisha. Adhabu kali aliiweka kwa ajili ya tabia mbaya tu.

Mwaka 1631 alipiga chapa kitabu cha kufundishia Kilatini, kiitwacho Mlango wa Lugha. Ndani yake aliweka maneno yapata 8,000 katika sentensi 1,000, zote zikiwa juu ya mambo ya duniani, moto, maji, wanyama, kazi za mafundi, kila jambo mahali pake. Kando ya Kilatini paliandikwa lugha ya mwanafunzi. Kitabu hicho kilikimbia Ulaya yote kama moto wa nyikani, kikafasiriwa katika lugha nyingi, na Kiarabu pia. Serikali za nchi nyingine zikaanza kumwita Comenius aje kuzitengeneza shule zao. Alikwenda Uingereza mwaka 1641, lakini vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaharibu mipango. Akafanya kazi ya Waswidi miaka kadhaa. Mwaka 1648 mke wake wa pili akafa, naye akachaguliwa kuwa askofu wa Ndugu. Mwaka huo huo wafalme wakafanya amani, lakini katika mapatano yao Ndugu hawakupewa ruhusa ya kurudi kwao. Tumaini la miaka 20 likakatika.

Mtu mwingine angeacha kazi. Yeye mwaka 1650, akiwa na umri wa miaka 58, aliitikia mwito wa kwenda Hungaria, kuisimamia shule ya Sárospatak. Huko kazi ilikuwa ngumu. Alikuwa amepanga madarasa saba, lakini yaliyofunguliwa ni matatu tu. Aliwakuta wanafunzi wazito, wenye haya, wasiothubutu kufungua kinywa mbele ya watu. Basi akakichukua kitabu chake cha Mlango wa Lugha na kukigeuza kuwa michezo minane ya kuigiza, wanafunzi wawe ndio wachezaji. Baadhi ya walimu hawakupenda, wakidhani kwamba mchezo na shule haviwezi kukaa nyumba moja. Lakini watoto walipotokea mbele ya wazazi wao, huyu akiwa mkulima, huyu fundi, huyu mganga, wakisema Kilatini bila kutetemeka, ubishi ukapungua.

Ni huko Sárospatak alikoanza kukitengeneza kile kitabu kilichomfanya ajulikane kuliko vyote. Aliona kwamba hata Mlango wa Lugha ni mgumu kwa wadogo, kwa kuwa maneno yamo lakini vitu vyenyewe havimo. Mwalimu hawezi kumleta simba darasani, wala merikebu, wala tanuri la mwokaji mikate. Basi vitu hivyo viletwe kwa picha. Lakini Sárospatak hapakuwa na fundi wa kuchonga picha katika mbao. Ikampasa kuipeleka kazi yake Nuremberg, katika Ujerumani, akangoja miaka.

Alipokuwa akingoja msiba mwingine ukampata. Alikuwa amerudi Leszno mwaka 1654. Mwaka 1656 mji huo ukachomwa moto katika vita vya Waswidi na Wapolandi. Comenius alitoka bila kitu. Ndani ya moto mlikuwa na kamusi ya Kicheki na Kilatini aliyokuwa akiiandika kwa miaka zaidi ya 40, tangu ujana wake. Kati ya yote yaliyompata, aliulilia upotevu huo mpaka mwisho wa maisha yake. Rafiki zake wakampa makao katika mji wa Amsterdam, nchi ya Uholanzi.

Hata mwaka 1658 kitabu cha picha kikatoka Nuremberg, nacho kikaitwa Ulimwengu Unaoonekana Katika Picha. Kilikuwa na sura 150, na kila sura ilikuwa na picha yake. Mwanzoni paliwekwa herufi, na kando ya kila herufi mnyama au kitu chenye kutoa sauti ya herufi ile: kunguru alia, kondoo alia, upepo wavuma, mtoto mchanga alia. Kwa kuiga sauti hizo mtoto alijifunza herufi huku akicheka. Kisha zilifuata sura zenyewe. Katika sura ya mwokaji mikate, kwa mfano, picha yaonyesha watu wakichunga unga, wakiukanda na kuutia tanuri. Kila kitu katika picha kimewekewa tarakimu, na tarakimu ile ile imeandikwa penye jina lake katika maneno yaliyo chini, upande mmoja Kilatini na upande wa pili Kijerumani. Mtoto hutafuta tarakimu kwa kidole, akaona kitu, akasoma jina lake. Imo pia picha ya shule, na humo wamo wanafunzi wanaopiga soga na kucheza wakati wa masomo. Comenius aliwajua vema watoto, wala hakuwaficha.

Tena aliandika jinsi kitabu kitakavyotumiwa. Mtoto apewe nyumbani, hata kabla ya kwenda shule, ajifurahishe nacho apendavyo. Ajaribu kuzichora picha hizo kwa mkono wake, kwani anayekichora kitu hukitazama kwa makini. Na vitu vinavyoweza kupatikana vionyeshwe vyenyewe, visiachiwe picha. Shule iwe navyo tayari.

Comenius alikufa Amsterdam tarehe 15 Novemba 1670, akiwa na miaka 78, akazikwa katika mji mdogo wa Naarden, na kaburi lake liko huko hata leo. Mjukuu wake, Daniel Ernst Jablonski, alikuwa askofu pia, na mwaka 1735 alimwekea mikono askofu wa kwanza wa Ndugu waliofufuka huko Herrnhut, ambao watoto wao katika imani ndio waliofika Rungwe. Katika nchi ya Cheki siku ya kuzaliwa kwake, tarehe 28 Machi, ni sikukuu ya walimu.

Kitabu chake cha picha kiliendelea kupigwa chapa kwa miaka zaidi ya 200. Goethe, mshairi mkubwa wa Wajerumani, alikuwa nacho alipokuwa mtoto. Nakala za chapa ya kwanza zilizosalia ni chache sana, kwani zilikuwa mikononi mwa watoto, wakazifunua na kuzifunua mpaka zikachakaa.