Georges Cuvier, msomaji wa mataya

Kila mmoja wetu alikwisha kuona taya la chini la mbuzi. Kila upande ni mfupa mmoja tu. Sasa tafuta mjusi aliyekufa, yule mwororo anayeota jua kwenye ukuta wa klasi. Upande mmoja tu wa taya lake uko na mifupa midogo karibu sita iliyoshikamana. Kati ya watu waliofundisha wengine kulinganisha mambo kama haya, mkubwa ni Georges Cuvier.

Alizaliwa mwaka 1769 Montbéliard, mji wa Waprotestanti ambao ulikuwa haujaingia bado katika Ufaransa. Kwao hapakuwa na feza mingi. Alimaliza masomo Stuttgart akiwa na miaka 18, kama sisi wa klasi ya sita, lakini kazi ya serkali hakupata. Basi akaenda Normandie kufundisha mtoto wa tajiri mmoja. Bahari ilikuwa karibu, naye akapasua samaki na konokono, akachora yote. Mwaka 1795 akaitwa Paris.

Mwaka uliofuata akaonyesha, kwa mataya na meno, kwamba tembo wa Afrika na wa India ni aina mbili, na mamuti wa Siberia ni aina ingine iliyokwisha kabisa. Wengi hawakuwaza kama aina nzima ya nyama inaweza kwisha.

Askari Wafaransa walikuwa wamenyang'anya kule Maastricht mataya makubwa yaliyogeuka jiwe. Wengine walisema ni nyangumi, wengine mamba. Adriaan Camper, Mholanzi, alisema ni mjusi. Mwaka 1808 Cuvier akamkubali, maana juu ndani ya kinywa mulikuwa meno madogo. Mamba hana meno hayo, mijusi wengine wako nayo.

Lakini mimi napenda zaidi habari ya 1804. Alipata jiwe la Montmartre lenye mifupa ya nyama mdogo. Kwa kuona taya akajua ni wa jamaa ya nyama wenye mfuko tumboni. Akatangaza mbele ya mashahidi kwamba mifupa miwili ya kutegemeza mfuko ingali imefichwa ndani. Akachimba polepole na sindano, ikatokea.

Mtu huyo mwenye macho makali namna hii alikosa kuona alipofika kwa Saartjie Baartman, mama Mkhoikhoi wa Afrika ya Kusini, ambaye watu walilipa kumtazama London na Paris. Alipokufa mwaka 1815, Cuvier akapasua mwili wake, akaweka mifupa yake katika Museum, akaandika akimlinganisha na nyani. Mwaka 2002 tu ndipo alirudishwa kwao na kuzikwa.

Cuvier alizika watoto wake wote wane, akafa mwaka 1832. Mpaka mwisho alikataa kwamba aina moja ya nyama inaweza kugeuka ingine. Mwaka 1837, Mjerumani Reichert, akichunguza watoto wa nyama wangali tumboni, akaonyesha kwamba mfupa wa nyuma wa taya la mjusi ndio huu mdogo ulio ndani ya sikio letu.