Ronald Ross, munganga aliyefuata mbu

Ronald Ross alizaliwa India mwaka 1857, akawa munganga wa jeshi kule kule. Wakati ule wengi walisema malaria inatoka kwa hewa mbaya. Ross akawa anapasua mbu, moja moja. Mgonjwa Husein Khan alikubali aumwe na wale mbu, akalipwa anna 1 kwa kila mmoja, makuta kidogo tu. Tarehe 20 Agosti 1897 Ross akakuta vijidudu vya malaria tumboni mwa mbu. Nobel ya 1902 ilimwendea Ross peke yake. Alikufa 1932.

Wakati angali hai, Taasisi ya Ross ilisaidia mgodi wa shaba wa Luanshya, Zambia ya leo: maji yaliyosimama yakaondolewa, malaria ikapunguka. Basi sisi batumikaji, maji yakisimama kambini, tudai kompani iyaondoe. Mbu anazalia pale.