Profesa Ewart, aliyetumia punda milia kuvunja uzushi kuhusu damu

KWENYE barabara itokayo Arua na kupita Koboko hadi mpakani Oraba, mizigo husafiri kwa lori, kwa pikipiki na kwa baiskeli. Farasi ni nadra kumwona. Hizi ni sehemu zilizoteswa kwa miaka mingi na mbung'o, anayeeneza malale kwa binadamu na nagana kwa mifugo.

Hata hivyo, kuna mtu aliyefuga farasi na punda milia pamoja zaidi ya miaka 120 iliyopita, mbali sana na hapa, akitafuta jibu la swali ambalo linaweza kuingia katika boma lolote la watu waliorudi kutoka ukimbizini. Je, mume wa kwanza huacha alama yake ndani ya mwanamke, hata watoto wa mume wa pili wakawa na damu yake?

Mtu huyo ni James Cossar Ewart. Alizaliwa Novemba 26, 1851 katika mji mdogo wa Penicuik, karibu na Edinburgh nchini Uskoti. Baba yake alikuwa seremala. Kijana huyo alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Edinburgh na kuhitimu mwaka 1874, lakini moyo wake ulikuwa kwa wanyama. Mwaka 1878 aliteuliwa kuwa profesa Aberdeen, na mwaka 1882 akarejea Edinburgh kuwa profesa wa elimu ya viumbe. Kazi hiyo aliishika kwa miaka 45, hadi mwaka 1927.

Uzushi wenyewe

Uzushi aliopambana nao ulikuwa na jina kubwa nyuma yake. Mapema katika karne ya 19, mkuu mmoja wa Uskoti, Lord Morton, alimpandisha farasi wake jike kwa kwaga, aina ya punda milia wa Afrika Kusini ambaye sasa ametoweka duniani. Jike akazaa chotara. Baadaye jike huyo huyo akapandishwa kwa farasi dume wa Kiarabu, na watoto waliozaliwa wakaonekana na mistari miguuni. Habari hiyo ilifikishwa kwa Royal Society ya London mwaka 1820. Hata Charles Darwin aliikubali.

Madhara yake hayakuwa madogo. Wafugaji walimhesabu jike aliyepandwa na dume asiye wa ukoo bora kuwa ameharibika maisha yake yote. Wengine wakayahamishia maneno hayo kwa binadamu, wakidai kwamba mjane akiolewa tena, watoto wake huchukua sura ya marehemu. Mzigo wote ukamwangukia mwanamke.

Ewart hakuanza kwa kubishana. Alianza kwa kufuga. Katikati ya miaka ya 1890 alipata punda milia dume aliyemwita Matopo, akamkutanisha na farasi majike kwenye shamba lake huko Penicuik. Mmoja wa majike hao alikuwa farasi mdogo mweusi wa Uskoti aliyeitwa Mulatto. Agosti 12, 1896, Mulatto alizaa chotara mwenye mistari, naye akapewa jina Romulus.

Kisha likaja jaribio lenyewe. Mulatto alipandishwa kwa farasi dume wa Kiarabu. Mtoto alipozaliwa, alikuwa na mistari hafifu! Mtu mwenye haraka angepiga kelele kwamba Lord Morton alisema kweli. Ewart alisubiri. Aliwachukua majike wengine ambao hawakuwahi hata kukaribiana na punda milia, akawapandisha kwa dume yule yule wa Kiarabu. Watoto wao nao walikuwa na mistari, tena iliyoonekana wazi zaidi kuliko ya mtoto wa Mulatto.

Jibu likawa limepatikana. Mistari hafifu hutokea kwa farasi wenyewe, hasa wakiwa wachanga, na haidaiwi na punda milia yeyote. Mwaka 1899 Ewart alichapisha kitabu juu ya majaribio hayo ya Penicuik, na tangu hapo uzushi huo ukaanza kupoteza nguvu miongoni mwa wataalamu.

Si kila alilotarajia lilifaulu. Alidhani machotara wa punda milia wangefaa kubeba mizigo katika nchi za Afrika ambako farasi walikufa kwa nagana. Wajerumani nao walijaribu kufuga punda milia karibu na Mlima Kilimanjaro. Lakini ilionekana kwamba machotara hawana kinga kamili, wanyama hao ni wabishi, na muda si mrefu magari yakachukua kazi.

Forodha ndani ya seli

Ewart alijua kwamba Mulatto hakuwa na deni kwa Matopo, ila hakuweza kuona sababu yake ndani ya seli. Leo inaonekana. Urithi wa mnyama umefungwa katika nyuzi ziitwazo kromosomu, nusu kutoka kwa baba na nusu kutoka kwa mama. Farasi anazo 64, punda 62, na nyumbu, yaani baghala aliyezaliwa na wawili hao, 63. Punda milia wa nyanda, kama wale wa Ziwa Mburo na Kidepo hapa Uganda, anazo 44. Matopo alikuwa wa jamii hiyo, kwa hiyo Romulus alibeba 22 za baba na 32 za mama, jumla 54. Hakuna nafasi iliyobaki kwa dume wa tatu.

Mfanyabiashara wa mpakani ataelewa kilichobaki kwa urahisi. Chukulia kromosomu kuwa barabara, na juu yake kuna kizuizi kimoja cha forodha. Kizuizi hicho huitwa sentromia. Seli inapogawanyika, hapo ndipo kromosomu hushikwa na kuvutwa upande wake. Kizuizi kikikosekana, mzigo hupotea. Vikiwa viwili, barabara inaweza kukatika.

Kwa kawaida sentromia huzungukwa na vipande vya DNA vilivyorudiwa maelfu ya mara, mithili ya vibanda vinavyosongamana penye kizuizi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pavia nchini Italia, wakiongozwa na Elena Giulotto, waligundua kwamba katika ukoo wa farasi vizuizi vimehama mara nyingi bila barabara kuchimbwa upya. Ramani ya urithi wa farasi ilipochapishwa mwaka 2009, sentromia ya kromosomu ya 11 ilikutwa haina vibanda hivyo. Mwaka 2018 ilibainika kwamba kati ya jozi 31 za punda, 16 zina sentromia za namna hiyo. Mwaka 2022 yakathibitishwa kwa punda milia pia. Kwingineko vibanda vya zamani vingali vimesimama, ingawa kizuizi kiliondoka kitambo.

Farasi, punda na punda milia walitokana na babu mmoja aliyeishi zaidi ya miaka milioni 4 iliyopita. Tangu hapo sentromia zimehama na kromosomu nyingine zimeungana mbili kuwa moja. Kwa hiyo kwa chotara nyuzi za baba na za mama hushindwa kupangana vizuri, na ndiyo maana nyumbu ni tasa isipokuwa kwa nadra mno. Idadi peke yake si kikwazo: farasi wa mwituni wa Mongolia ana 66, na akizaa na farasi wa kufugwa, mtoto mwenye 65 huzaa pia.

Watafiti hao walipofuatilia machotara wa farasi na punda, walikuta sentromia za mtoto zikifuata zilipokuwa kwa baba yake au kwa mama yake, mara chache ikiwa imesogea kidogo. Hakuna alama ya dume mwingine.

Mwaka 1911, kwa juhudi za Ewart, Edinburgh ilianzisha ufundishaji wa elimu ya urithi. Karibu na Penicuik, huko Roslin, ndiko alikozaliwa kondoo Dolly mwaka 1996, miaka 100 baada ya Romulus. Ewart mwenyewe alifariki Desemba 31, 1933 huko huko Penicuik alikozaliwa.

Familia nyingi za West Nile zilikimbilia Sudan na Zaire baada ya mwaka 1979, na zilirudi zikiwa zimechanganyika: wajane walioolewa tena, watoto wa baba tofauti chini ya paa moja. Mtu akimnyooshea kidole mama kwamba mtoto wake wa pili ana damu ya mume wa kwanza, akumbuke kwamba jambo hilo lilipimwa. Mtoto ni wa baba aliyemzaa na mama aliyembeba, basi.