Vavilov: Mlinzi wa mbegu aliyekufa kwa njaa

Akiba haiozi, walisema wahenga. Aghalabu sisi walimu huitumia methali hii kuwahimiza watoto kuweka fedha. Mkulima huielewa vingine: kwake akiba ya kwanza ni mbegu, na anayekula mbegu amekula msimu ujao. Sijui mtu aliyeyathibitisha haya kwa maisha yake kuliko Nikolai Vavilov, mwanasayansi wa Urusi.

Vavilov alizaliwa mjini Moscow mwaka wa 1887, katika nchi iliyozoea njaa. Ile ya 1891 na ile ya 1921 ziliangamiza watu wengi mno. Alisomea kilimo jijini humo, na mwaka wa 1913 akaenda Uingereza kusoma chini ya William Bateson, mmoja wa waasisi wa elimu ya urithi wa viumbe, yaani jenetiki. Huko imani yake ilipata mizizi: kwamba mbegu za kienyeji, zile zinazodharauliwa, zina uwezo wa kustahimili ukame, baridi na maradhi, na kwamba zikipotea hazirudi.

Kuanzia 1921 alikuwa Petrograd, jiji lililoitwa baadaye Leningrad, akiongoza taasisi ya mimea. Alisafiri katika mabara matano akikusanya mbegu. Mwaka wa 1927 alikuwa jirani yetu Ethiopia, ambako aina tele za ngano na shayiri zilimstaajabisha, akaihesabu nchi hiyo miongoni mwa vitovu vya mazao ya dunia. Kufikia 1940 ghala la taasisi yake lilikuwa na sampuli zipatazo 250,000.

Lakini siasa haikuwa na subira. Baada ya serikali ya Stalin kuwalazimisha wakulima kuingia katika mashamba ya pamoja, njaa ya 1932 na 1933 iliua mamilioni ya watu. Watawala walitaka muujiza, naye Trofim Lysenko akawaahidi. Alidai kwamba mbegu zikitiwa baridi na unyevu zingebadili tabia, na mavuno yangeongezeka upesi. Vavilov mwenyewe alimpa nafasi mwanzoni. Alipoona madai hayo hayana ithibati, alisimama kuyapinga, akieleza kwamba aina mpya ya ngano huhitaji miaka mingi ya uchunguzi. Ukweli huo haukupendeza. Nasi wanaisimu tunajua kuwa dhuluma huanza katika msamiati: jenetiki, jina la taaluma, likageuzwa kuwa tusi la kisiasa.

Mwezi wa Agosti 1940 alikamatwa nchini Ukraine akiwa safarini kukusanya mimea. Mwaka wa 1941 alihukumiwa kifo. Mwaka uliofuata adhabu ikabadilishwa kuwa kifungo cha miaka 20. Hakuitumikia. Alifariki katika gereza la Saratov mwezi wa Januari 1943, akiwa na umri wa miaka 55, mwili umedhoofika kwa kukosa chakula.

Wakati huo Leningrad ilikuwa imezingirwa na majeshi ya Ujerumani. Ndani ya taasisi yake, wenzake walilinda magunia ya mpunga, karanga na nafaka nyinginezo. Kadhaa walikufa njaa kando ya chakula hicho, wakakataa kukigusa, maadamu kilikuwa mbegu ya vizazi vijavyo.

Mwaka wa 1948 mafundisho ya jenetiki yalipigwa marufuku nchini humo. Walimu walifutwa kazi na wanafunzi wakafunzwa uongo. Vavilov alitakaswa na mahakama mwaka wa 1955, ilhali Lysenko hakupoteza nguvu zake hadi katikati ya miaka ya sitini.

Nasi tuna hifadhi yetu ya mbegu huko Muguga, na bibi zetu vijijini wangali wanatundika mahindi juu ya meko ili moshi uyakinge na wadudu. Hazina hizo ni muhimu, lakini kisa cha Vavilov kinatukumbusha kwamba ghala peke yake halitoshi. Taifa linalomnyamazisha mtaalamu ili limsikilize msifaji hatimaye hulipa kwa sahani tupu. Ulinzi wa chakula basi huanzia darasani, pale mwanafunzi anapoomba ithibati na mwalimu asimkaripie.